Mguu Wako Uonekane

Afande alikuwa anatuhesabu. Kila asubuhi, maji ya bomba hayajaanza hata kutoka, anasimama kwenye ukumbi wa nyumba, kaptula ya kaki imenyooshwa mkunjo wa kukatia nyanya, halafu anapita mlango kwa mlango akitaja namba. "Moja. Mbili. Tatu, wewe, jua limetoka." Wapangaji tulikuwa saba ukimtoa yeye, maana mwenyewe hakujihesabu. Mwenye nyumba, Bi Mwanaidi, naye hakuhesabiwa. Yeye, Afande alisema, ni utawala.

Hesabu ikifika saba, siku imeanza vizuri. Ikiishia sita, hakuna amani. Anakwenda uani kugonga choo. "Nani humo?" Na aliyemo, hata awe na hali gani, ajibu kwa jina lake kamili, la sivyo Afande anabaki pale pale amesimama na mikono nyuma.

Alikuwa askari magereza mstaafu. Alistaafu kila kitu isipokuwa hesabu. Na nyumba yetu, kama makusudi, ilikuwa Gerezani, pale nyuma ya soko la Kariakoo. Kila mgeni alidhani yeye ndiye wa kwanza kuona utani huo. Afande alikuwa anamsikiliza mpaka mwisho, anamwangalia, kisha anamuuliza, "Umemaliza?" Nimewaona watu wazima wakiomba radhi.

Mimi ninauza chupa za chai na masufuria, jumla na rejareja, kwa hiyo aliniita Mama Chupa. Sikumpenda. Naomba niseme hivyo mapema, kwa sababu sasa hivi nitaanza kumsifia na mtasema huyu mama Mchaga alikuwa na lake. Hakuna lolote. Alikuwa na mdomo. Ukimwambia "Shikamoo Afande," anaitikia "Marahaba" vizuri kabisa, halafu anaongeza kwamba ndoo yako umeiacha njiani, chumba chako kinanuka vitunguu, na jana umerudi saa mbili kasoro. Nani kakuuliza?

Nilianza kumwelewa siku niliyorudi kutoka Moshi kumzika mume wangu. Asubuhi yake nikamsikia anakuja. Moja, mbili, tatu. Akafika kwangu, akasema, "Nne." Zamani mlango wetu ulikuwa nne na tano. Alisimama pale muda mrefu. Halafu akaendelea na mlango wa jirani, "Tano," mpaka akamaliza na sita, na hakwenda kugonga choo. Nililia sana asubuhi ile, na ninavyosema hivi bado sijui kama alinifariji au aliniumiza.

Jambo jingine lake lilikuwa mlango. Nyumba nzima tulifunga vyumba kwa kufuli, kufuli kubwa, maana Kariakoo ni Kariakoo. Afande alikuwa na pazia. Mlango wenyewe alikwishaung'oa na kuuegemeza uani, tukawa tunaanikia nguo. Waliingia wakamwibia redio. Hakununua kufuli, alinunua redio nyingine. Wakaiba na hiyo. Akanunua ya tatu, ndogo zaidi, na maisha yakaendelea. Ukimuuliza anajibu, "Nimefunga milango ya kutosha."

Ajabu ni kwamba hakuna aliyejua kufuli kama yeye. Mtaa mzima ukipoteza ufunguo unamfuata. Anachukua kipande cha spoku ya baiskeli, anakizungusha kidogo, kufuli limeachia. Hapokei hata soda. Anakurudishia kufuli lako mkononi kwa vidole viwili, kama mtu anayekurudishia soksi zako chafu, anarudi kwenye pazia lake.

Sasa, mbwa.

Mbwa alikuwa wa marehemu mume wangu. Alimleta mdogo kabisa ndani ya boksi la sabuni za mche kutoka kwa muuza jumla mmoja, na kwa sababu hiyo akamwita Sabuni. Jike, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mume wangu alipoondoka nilibaki na mambo mawili yake yenye uhai: deni la huzuni na huyo Sabuni. Watu wa kwetu waliniambia nimwache Moshi alinde migomba. Nikasema sitaki. Alikuwa akisikia kikohozi cha mwanaume barabarani anakwenda mlangoni kusubiri, na mimi nilikuwa namwelewa.

Lakini nyumba ilikuwa ya Waislamu, isipokuwa mimi na kijana mmoja fundi simu aliyetoka Songea. Na Sabuni alikuwa na ugonjwa mmoja: miguu yenye maji. Mtu akitoka bombani ametia udhu, miguu inang'aa, Sabuni hawezi kuvumilia. Anachomoka chumbani kwangu, analamba. Na mate ya mbwa, kwa jinsi walivyofundishwa wenzangu, yanaoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Bi Mwanaidi alilambwa kifundo cha mguu siku ya Ijumaa. Mpaka amemaliza mara saba na udongo wake, amerudia na udhu, watu walikuwa wameshatoka msikitini wanapita na ndizi zao.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikuja kibarazani kwangu, mguu bado una tope, akakaa.

"Mama Chupa, mimi na marehemu tuliheshimiana."

"Ndiyo, Bi Mwanaidi."

"Mfungo umebaki wiki tano. Mwezi ukiandama, wageni wangu wa futari watapita ukumbi huu kwenda bombani kila magharibi. Huyo akimgusa hata mmoja, utachagua. Yeye, au chumba."

Nikasema sawa. Ningesema nini? Nyumba yake, dini yake, mguu wake. Usiku ule sikula.

Mimi nikafanya kama afanyavyo kila mtu mjini hapa. Mbwa anasumbua? Mfungie. Kwetu mbwa anafungiwa bandani mchana kutwa ili usiku awe mkali, na watu wanajisifu nayo kabisa. Nikanunua tenga la kuku pale sokoni, nikamsukumiza Sabuni ndani, nikafunga kwa kamba. Alinuka kuku wiki nzima. Alilia mpaka fundi simu akahamia kazini kwake. Siku ya pili Afande akasogeza pazia.

"Ana kesi gani?"

"Nani?"

"Huyo mtuhumiwa."

Nikamweleza. Miguu, udhu, wiki tano. Akanisikiliza kwa mikono nyuma. Akachuchumaa mbali kidogo na tenga, akamwangalia Sabuni, Sabuni akamwangalia yeye. Akasema, "Wewe na huyu, mwenye akili ni mmoja, na anakula dagaa."

Kisha akaniambia habari ambayo sikuitegemea. Kule kazini kwake kulikuwa na mbwa wa ulinzi na askari wawili wa kuwatunza. Mmoja alikuwa anapiga. Mwingine alikuwa anakaa. Anakaa tu, pembeni ya banda, mlango wazi, anakula karanga zake. Yule wa fimbo aling'atwa, wa karanga akawa anaitwa na mbwa wote wakimwona. Afande alikuwa ameangalia jambo hilo miaka mingi bila kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

"Nitakusaidia," akasema. "Lakini simgusi."

Na hapo ndipo palipo na kichekesho cha mtu huyu. Alikuwa mtu wa swala tano. Hakutaka mate wala manyoya. Kwa hiyo alimfundisha mbwa wangu kwa koleo la mkaa. Ndiyo, lile la kupangia makaa jikoni. Dagaa mmoja mkavu, koleo, mkono umenyooka, na mlangoni kwake akaweka kopo la udongo safi wa kuoshea, likitokea la kutokea. Mtu akipita anamkuta mzee wa kaki amechuchumaa na koleo, anambembeleza mbwa kwa sauti ambayo sisi binadamu hatukuwahi kuisikia. "Haya mama. Taratibu mama. Nani kakuharakisha?" Akigeuka akakuona, "Unaangalia nini? Ondoa ndoo."

Tenga alilitupa. Akanituma kwa wauza vioo wa Kariakoo, wanaopokea mzigo kwenye masanduku makubwa ya mbao, nikabeba moja kichwani mpaka nyumbani. Akalipima kwa Sabuni, siyo kwa macho. Asimame bila kuinamisha kichwa, ajigeuze, ajinyooshe akilala. Sanduku lilikuwa kubwa mno, akalikata. Nikasema si bora liwe pana, ajinafasi? Akasema chumba kikizidi, upande mmoja analala, mwingine anafanya choo. Akatoboa matundu ya hewa pande zote, akapiga msasa mpaka ndani, akapitisha kiganja asikie kama kuna kibanzi. Akachukua khanga yangu kuukuu, haijafuliwa, akaitandika. "Anuse mtu wake," alisema. Likawekwa ndani kwangu, karibu na mlango, mahali pasipo na jua, ambapo Sabuni anaona ukumbi na ananiona mimi.

Sanduku lilikuwa na mlango. Bawaba mbili, komeo dogo la mti. Lakini wiki mbili za kwanza Afande aliufunga ule mlango kwa kamba ukutani, ubaki wazi, usije ukajibamiza ukamtisha.

"Sasa sanduku la nini kama halifungwi?" nikauliza.

"Chumba chako wewe unakipenda kwa sababu kina kufuli?"

Akaenda kutafuta dagaa.

Siku za kwanza dagaa aliwekwa nje ya sanduku. Kisha kizingitini. Kisha ndani kidogo, Sabuni akichungulia kwa shingo huku miguu ya nyuma imebaki nje tayari kukimbia. Mtu mwenye haraka kama mimi anaweza kufa kwa kuangalia. Nilikuwa nataka tu nimsukume yale makalio. Nikanyoosha mkono, koleo likanigonga kidole.

"Aingie kwa miguu yake. Akitaka kutoka, atoke. Usimwite kwa jina ukamwadhibu. Na ukiwa na hasira, usiingie humu kabisa, nenda dukani kagombane na wateja."

Siku ya tisa, kama sikosei, Sabuni aliingia mwenyewe, akazunguka mara mbili, akajilaza juu ya khanga na kuguna. Afande akarudisha koleo jikoni, akaenda nyuma ya pazia lake. Nikamsikia anapenga kamasi.

Halafu ndipo likaja somo lenyewe. Mlango ukaanza kurudishwa, kidogo, nusu dakika, dakika, na mimi nimekaa nje kwenye kigoda. Afande alinipangia mkao. Nisimwangalie machoni, nisiongee. Mguu wangu mmoja ninyooshe mpaka aone vidole kutoka mle ndani.

"Mguu wako uonekane," alisema. "Mtu akifungiwa mara ya kwanza, haangalii ukuta wala chakula. Anaangalia mlango. Wengine nimewaona wanauangalia mpaka asubuhi. Akiona mguu wa mtu, basi anajua yupo mtu. Hiyo tu." Akarudisha mlango kidogo. "Mimi wakati ule niliambiwa nisisimame mlangoni. Nikafuata amri."

Nikanyoosha mguu.

"Na niondoke lini?"

"Akiacha kuuangalia. Siyo kabla."

Ilikuwa inakwenda vizuri hivyo mpaka nikaharibu mimi. Zilikuwa zimebaki wiki mbili mfungo uanze. Kontena la masufuria tuliloagiza watu wanne likatoka bandarini asubuhi moja bila taarifa, simu zinalia, vijana wa mikokoteni wananisubiri, na Sabuni siku hiyo amechagua kuzunguka ukumbini. Nikasema mbwa si ameshajua sanduku? Nikamshika shingo, nikamsukuma ndani, nikapiga komeo, na juu ya komeo nikaweka kufuli langu la dukani. Nikaondoka saa moja. Nilirudi saa kumi na mbili jioni, nimejaa vumbi na furaha ya mzigo.

Nikakuta kufuli langu limewekwa katikati ya kitanda changu, limefunguliwa. Mlango wa sanduku umetafunwa pembe. Sabuni yuko chini ya kitanda, kucha moja ya mguu wa mbele imeng'oka, imefungwa kitambaa. Na kitambaa kile kilikuwa kanzu ya zamani ya Afande, nikaitambua kwa mkunjo wake. Nje mlangoni kopo la udongo lilikuwa tupu. Alikuwa amemshika kwa mikono yake, halafu akajiosha, mara saba zake. Fundi simu akaniambia mzee alimfungua kwa spoku asubuhi ile ile, kisha akakaa sakafuni kutwa nzima, mguu mbele, hakwenda hata kula.

Nikasema nitamwomba radhi asubuhi. Asubuhi akaja. "Moja. Mbili. Tatu." Akafika kwangu. Nikasimama wima, nimejiandaa. Akanipita. "Nne," kwa jirani. Akamaliza na tano, akaenda zake.

Siku tatu hakunihesabu. Mtu anaweza kucheka, mwanamke mwenye duka Kariakoo kukosa usingizi kwa sababu mzee wa kaptula hajamtaja namba. Lakini mimi nilijua namba zile zina maana gani katika nyumba ile. Siku ya nne nikasimama mbele ya pazia.

"Afande, nisamehe."

"Siyo mimi. Mwombe yeye."

"Mbwa nitamwombaje?"

Akatoka. Akaangalia sanduku, akaniangalia mimi, juu mpaka chini, na mimi si mwembamba. Akasema, "Ingia."

"Wapi?"

"Humo. Chukua chakula chako, ingia, ule. Humo ndimo ulimomdanganya."

Basi jioni ile nikachukua sahani yangu ya wali na maharage nikaingia sandukuni kwa magoti. Nikafika mpaka kiunoni. Kiuno kikakataa. Kwenda mbele siwezi, kurudi siwezi, sahani iko puani, na Bi Mwanaidi anapita ukumbini na birika lake. Nilizisikia ndala zake zikisimama.

"Afande. Ile miguu ni ya nani?"

"Ya mpangaji wako."

"Anafanya nini?"

"Anaomba radhi."

Bi Mwanaidi akafikiri. "Mwache amalize," akasema, akaenda zake.

Nilianza kucheka mle ndani, na kucheka kukageuka kilio, maana palikuwa na giza na panabana na harufu ya khanga yangu ilikuwa imechanganyika na harufu ya mnyama aliyeogopa. Nililia kwa ajili ya mbwa, kisha kwa ajili ya mume wangu, kisha kwa kiuno. Na hapo nikasikia pua baridi kwenye unyayo. Sabuni alikuwa ametoka chini ya kitanda. Akanilamba mguu, akajipenyeza chini ya tumbo langu mpaka ndani, akala wali wangu wote. Afande akanivuta kwa kunishika vifundo vya miguu, yaani vile vile vilivyolambwa, kisha akaenda kujaza kopo lake udongo mpya.

Asubuhi yake akafika kwangu. "Nne," akasema. Sikumbuki siku nyingine niliyofurahi kuwa wa nne.

Tukaanza upya kabisa, dagaa nje, dagaa kizingitini. Siku zilikuwa chache na nilikuwa nahesabu mwezi kuliko mashehe. Ukaandama. Magharibi ya kwanza ya mfungo wageni wa Bi Mwanaidi walikuja kumi na kitu, akina mama wa Ilala na shemeji zake, ukumbi mzima ndala na vicheko, harufu ya kachori na uji. Chumba changu nikaacha wazi. Nikataka kufunga mlango wa sanduku, Afande akatikisa kichwa.

"Wazi?"

"Wazi."

"Afande, akitoka nahama."

"Kaa."

Nikakaa kwenye kigoda, mguu mbele. Adhana ikaanza, watu wakafuturu kwa tende, kisha wakaenda bombani, wakarudi mmoja mmoja, miguu inadondosha maji hatua tatu kutoka pua ya Sabuni. Nilimwona akiinua kichwa. Nilimwona akinusa. Sikio lililolala likasimama, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akaangalia miguu ile yote mizuri ikipita. Halafu akaangalia wangu, mkavu, wenye gaga, akalaza kidevu chake juu ya khanga na kupumua kwa nguvu.

Bi Mwanaidi alikuwa wa mwisho. Akasimama mlangoni ameshika gauni juu ya vifundo.

"Mlango uko wazi," akasema.

"Ndiyo," Afande akajibu.

"Mbona hatoki?"

"Atoke aende wapi? Kwake ni pale."

Bi Mwanaidi akaenda kuswali. Kesho yake alipotoka Feri kununua samaki alileta mfuko wa vichwa, akautundika kwenye msumari wa mlango wangu. Na asubuhi Afande akapita na hesabu yake. Moja, mbili, tatu, nne. Akachungulia sandukuni. "Tano," akasema, akasogea kwa jirani, na nyumba yetu siku ile ikaishia saba.

Nyumba ile haipo tena. Warithi wa Bi Mwanaidi waliiuza baada yake, pamesimama ghorofa lenye maduka ya nguo za watoto, na sisi tukatawanyika. Mimi nilihamia Buguruni pamoja na Sabuni, ambaye sasa amezeeka, masikio yote mawili yamelala, na sanduku lake bado analo. Duka langu liko pale pale. Afande alichukuliwa na binti yake, ghorofa ya tatu, mitaa miwili kutoka dukani kwangu, na kwa aibu yangu nilipitisha mwaka mzima nikisema nitakwenda kesho.

Nilipokwenda nilipanda ngazi na kilo ya machungwa. Nikakuta geti la nondo, kufuli nje, na nyuma ya nondo Afande amekaa kwenye kiti, kaptula imenyooshwa. Hapakuwa na pazia.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba, Mama Chupa. Umenenepa."

Nikauliza habari za hesabu. "Hapa ni moja tu," akasema. "Naimaliza mapema." Kisha akaangalia kufuli, akaangalia mikono yake. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Spoku ilikuwa sakafuni, imepinda.

Sikuondoka. Niliketi kwenye ngazi mpaka binti yake aliporudi saa nane na ufunguo, amechoka, ana mifuko miwili. Nilikuwa nimejiandaa kumpa vidonge vyake. Lakini yule dada alianza kulia kabla yangu. Alisema baba yake mara mbili alitoka alfajiri kwenda zamu. Mara ya kwanza alikutwa Jangwani anavuka barabara ya mabasi. Mara ya pili Kivukoni, kwenye pantoni, anahesabu abiria wa Kigamboni, amekasirika kwa sababu hawatulii. "Nifanyeje, mama?" akaniuliza. "Nina duka. Nikimwacha wazi nitamwokota wapi?"

Sikuwa na la kumlaumu. Hata mimi nilikuwa na kontena siku ile.

Nikamwambia habari ya sanduku, yote, pamoja na kiuno. Alicheka huku anafuta macho. Kumbe baba yake hakuwahi kumsimulia. Tukakubaliana. Pale kwenye korido, karibu na ngazi, hukaa mama mmoja fundi cherehani kutwa nzima, na hakuna anayeshuka bila kupita mbele ya cherehani yake. Geti litafunguliwa, kwanza nusu saa, kisha saa, na mimi nitakuja asubuhi kabla sijafungua duka. Nikaenda sokoni kununua pazia.

Siku mbili za kwanza alitoka mara tu geti lilipoachia. Tulitembea naye mpaka mwisho wa korido, tukarudi naye, hakuna aliyemshika mkono. Siku ya tatu aliishia kizingitini. Siku ya tano nilikaa kwenye ngazi na kikapu changu, karanga mkononi, mguu nimeunyoosha. Geti lilikuwa wazi kabisa, pazia linapepea kidogo. Alikuja mpaka mlangoni. Akaangalia kushoto, kulia. Akamnyooshea kidole fundi cherehani, "Moja." Akaninyooshea mimi. "Mbili." Halafu akarudi kwenye kiti chake mwenyewe, akawasha redio.

Alikuwa anaangalia mguu wangu. Simu ililia, mlangoni mwa duka wateja walikuwa wamejaa, nikaizima. Nikala karanga. Taarifa ya habari ikapita, kikapita kipindi cha kilimo, na katikati ya habari za korosho nikaona macho yake yamehamia dirishani. Nikasubiri bado kidogo, niwe na hakika. Kisha nikachukua kikapu changu, nikashuka kwenda kufungua duka.